Habari Nzito: Juu ya Kuwafundisha Madaktari Vijana Kusema na Wazazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Isiolo



Tumepewa na Halmashauri nafasi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo halimo katika hesabu za Mweka Hazina, nalo ni namna madaktari vijana wanaoletwa kufanya kazi huku kwetu wawezavyo kufundishwa kuwapasha wazazi habari mbaya za watoto wao. Huenda mzee mmoja akauliza moyoni mwake, chama cha ustawi kina nini na mafunzo ya madaktari? Madaktari wana vyuo vyao na wakubwa wao. Hayo ni kweli. Lakini habari mbaya ina msemaji na ina msikilizaji, na wasikilizaji ni sisi. Tena hapa Isiolo, kati ya wawili hao, mara nyingi husimama mtu wa tatu, mkalimani, naye pia hutoka katika nyumba zetu. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie kidogo.

Uchunguzi wa serikali juu ya afya na hali ya watu wa Kenya uliofanywa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 41. Hiyo ni neema kubwa, na yatupasa kuwashukuru waliofanya kazi hiyo, wakiwamo wauguzi na wachanjaji wanaozunguka katika maboma yetu. Lakini tazameni jambo moja. Katika hao 41, watoto 21 hufariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba nusu ya misiba hii huwaangukia wazazi katika siku zile za uzazi, mara nyingi usiku, na anayepaswa kusema neno huwa ni kijana wa zamu, na anayepaswa kulisikia huwa ni mama ambaye hata kusimama bado hajaweza.

Wala habari mbaya si kifo peke yake. Pengine ni kumwambia baba kwamba mwanawe ana mtindio wa ubongo, na kwamba hakuna dawa wala sindano itakayouondoa, ijapokuwa mazoezi na malezi yatamsaidia sana. Pengine ni mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au mwenye moyo ulio na tundu, au msichana wa miaka minane aliyepatikana na ugonjwa wa sukari, atakayehitaji sindano kila siku maisha yake yote. Wazazi wa watoto hawa watakaa na maneno ya daktari miaka mingi. Wengi wao watakuelezeni mpaka leo mahali walipokuwa wamesimama walipoambiwa, na daktari alikuwa ameshika nini mkononi.

Udaktari wenyewe haukuwa na nia ya kusema tangu mwanzo. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Donald Oken, alitangaza majibu ya madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago aliowauliza kama humwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Karibu 90 katika kila mia walipendelea kutomwambia. Maswali yale yale yalipoulizwa tena na watu wengine huko huko Marekani, na majibu kutangazwa mwaka 1979, mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: 97 katika kila mia walipendelea kusema. Wale wa 1961 hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakifanya yale ambayo wengi wetu tulioketi hapa tungeyafanya hata leo kwa ndugu yetu, yaani kumfichia ili asivunjike moyo. Lakini tiba ziliongezeka, na mgonjwa asiyejua ugonjwa wake hawezi kuifuata tiba yake. Ndivyo ilivyo kwa mzazi pia.

Basi, kutaka kusema ni jambo moja, na kujua kusema ni jambo jingine. Kwa muda mrefu madaktari waliachiwa wajifunze kwa kuwatazama wakubwa wao, na kama mkubwa alikuwa mtu wa kusema maneno mawili akiwa mlangoni na kuondoka, mdogo naye akawa vivyo hivyo. Daktari Robert Buckman, Mwingereza aliyehamia Kanada, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1992, na mwaka 2000 yeye na wenzake, wakiongozwa na daktari Walter Baile wa Texas, wakatangaza utaratibu wa hatua sita ambao umeenea katika vyuo vingi vya udaktari duniani. Kwa ufupi, daktari hutafuta kwanza mahali pa faragha na kuketi. Humwuliza mwenyewe anajua nini hadi sasa. Humwuliza apenda kuelezwa kwa kiasi gani. Kisha humtayarisha kwa neno la kumzindua, na kumwambia kwa maneno mepesi, kidogo kidogo. Halafu hunyamaza, akauachia uchungu nafasi yake, bila kukimbilia kuufunika. Mwisho hueleza ni nini kitakachofuata.

Wazee wetu watacheka kidogo wakisikia kwamba mambo haya yamehitaji vitabu. Katika desturi za wengi wetu, iwe ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu au Wameru, mleta msiba hatumwi kijana asiye na kimo, wala hasemi akiwa njiani. Huja mtu mzima, hukaribishwa, hukaa. Huulizwa habari za njia, za mvua na za mifugo. Na kwa jinsi anavyojibu polepole, wenye nyumba huanza kuelewa kabla hajalitaja jina. Neno la kumzindua msikilizaji tunalo zamani. Kiti tunacho. Twasema haya si kwa majivuno, maana desturi hiyo ina upungufu wake ambao tutautaja, bali kwa kuwa daktari kijana anayefika huku akidhani kwamba amekuja na utaratibu mgeni anaweza kuonyeshwa kwamba wenyeji wanauelewa kuliko yeye.

Sasa tuitazame hali ya kijana mwenyewe. Amemaliza chuo, huenda Nairobi, huenda Eldoret, naye yuko katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, akizunguka katika wodi ya watoto, ya uzazi, ya upasuaji na ya watu wazima. Ana miaka ishirini na kitu. Amefundishwa kwa Kiingereza kila jambo analolijua juu ya ugonjwa. Mara nyingine posho yake huchelewa. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulikuwa na shauri la malipo ya hawa wa mwaka wa kwanza ndani yake. Naye pia ni mtoto wa watu. Amekwisha kushindana na pumzi ya mtoto mchanga kwa nusu saa, ameshindwa, na sasa yampasa ageuke amkabili mama. Kumfufua mtoto alifundishwa kwa mwanasesere wa mpira, akarudia mpaka mikono ikazoea. Kumwambia mama, je, amekurudia wapi?

Hapo ndipo maneno yenyewe humponyoka. Akitafsiri Kiingereza chake neno kwa neno, atasema, "Tumempoteza mtoto," na mama atauliza kwa mshangao, amepotelea wapi, naye alikuwa kitandani? Akisema, "Majibu ya damu ni chanya," mzazi atamshukuru Mungu, maana kwake chanya ni kitu chema. Akisema, "Mtoto amepumzika," bibi atamfunika shuka ili asiamshwe. Mambo haya tumeyasikia zaidi ya mara moja, katika zaidi ya mahali pamoja, wala hatutaji pahali. Kwa maoni yetu Kiswahili kina neno zuri la heshima, nalo ni kufariki, na kila mtu mzima wa Isiolo hulifahamu hata kama Kiswahili chake ni cha sokoni. Kijana na afundishwe kulisema mara moja, waziwazi, kisha anyamaze. Neno la kuzungukazunguka humfanya mzazi ashike tumaini ambalo baada ya dakika tano atanyang'anywa, na hiyo ni kuumizwa mara mbili.

Kwa mtoto aliye hai lakini hatapona, shauri ni tofauti. Hapa kwetu mtu akisema, "Mtoto huyu atakufa," huonekana amemlaani, na wako wazee ambao hawatamruhusu daktari huyo amguse tena. Kijana hawezi kulijua hilo kwa kusoma. Lakini akisema, "Ugonjwa huu umepita uwezo wetu, nasi twahofia kwamba huenda asiishi," amesema ukweli ule ule, naye amesimama upande wa wazazi pamoja na hofu yao, hakusimama upande wa kifo.

Tuje kwa mkalimani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema kwamba mtu aelezwe hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayoangalia kiasi cha elimu yake. Ni sheria nzuri. Lakini usiku wa manane, mama ametoka Merti au Oldonyiro, daktari hajui Kiborana wala Kisamburu, na mkalimani anayepatikana ni mlinzi wa lango, au mfagiaji, au dada wa mgonjwa mwenye miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi huambiwa amweleze mama yake kwamba ndugu yake hatatembea kamwe! Jambo hili twalikataa kabisa, nasi twaomba chama kilikatae kwa sauti. Hata mtu mzima, akiwa hakufundishwa, hupunguza maneno kwa huruma. Daktari asema, "Hatatembea," naye mkalimani asema, "Atachelewa kutembea." Si mwongo, ni mtu mwenye moyo. Lakini kwa neno lake hilo familia itauza mbuzi, kisha ng'ombe, ikimpeleka mtoto Meru, Nanyuki hata Nairobi, kutafuta dawa ya kumharakisha, na fedha zile ambazo zingelinunua kiti cha magurudumu na nauli ya mazoezi zitakuwa zimekwisha.

Na kuna hasara kubwa kuliko mifugo. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi anahitaji kupasuliwa mapema, kabla vijidudu havijaingia katika uti wake, na mara nyingi maji ya kichwani nayo huhitaji kuelekezwa njia nyingine kwa mrija. Hospitali ya Kijabe, iliyoanzishwa mwaka 1915, imekuwa ikiwapasua watoto wa namna hii kwa miaka mingi. Sasa mpeni familia hii daktari aliyesimama mlangoni, anayetaja jina refu la Kiingereza na kutikisa kichwa. Watafahamu jambo moja tu: kwamba hakuna matumaini. Watamfunga mtoto katika leso na kurudi naye nyumbani akafie kwa watu wake, hali angeweza kuishi, akaenda shule, akawa karani au mwalimu. Mtoto huyo hakuuawa na mgongo. Hii ndiyo sababu iliyotufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Katika habari ya namna hii, nusu ni mbaya na nusu ni ya kuokoa, na ile ya kuokoa haisikiki kama ile ya kwanza imesemwa vibaya.

Huko Uingereza, Cliff Cunningham na wenzake walitangaza mwaka 1984 yale waliyoyaona kwa wazazi wa watoto waliozaliwa na hali iitwayo Down. Walipanga kwamba wazazi waambiwe mapema, baba na mama wakiwa pamoja, faraghani, mtoto mwenyewe akiwepo, na kwamba warudiwe tena muda si mrefu baadaye kwa maswali. Wazazi waliopashwa habari kwa utaratibu huo waliridhika na jinsi walivyoambiwa, hali wengi wa wale walioambiwa kwa njia ya kawaida walilalamika. Habari ilikuwa ile ile. Sisi twapenda hasa lile la mtoto kuwepo. Mama akiwa amempakata, na daktari akimwita mtoto kwa jina lake, wote waliomo chumbani hukumbuka kwamba wanasema juu ya mtu.

Lakini hapa twafika kwenye shauri gumu, nalo ni letu wenyewe. Baba na mama pamoja, wasema. Baba wa Isiolo huenda yuko na ngamia mwendo wa siku tatu. Na wazee wengi hushikilia kwamba habari ya msiba isimfikie mama kabla ya wanaume wa ukoo, ili wawepo wa kumshika. Tunaiheshimu sababu hiyo. Hata hivyo, twaona kwamba mama aliyembeba mtoto mgongoni mpaka hospitali, akakesha naye, asiwe mtu wa mwisho kujua. Tumeona mama akizungushwa siku nzima na maneno ya "subiri kidogo," hali wodi nzima inajua, na wauguzi wanakwepa macho yake. Mama huyo alikwisha kufahamu. Alichonyimwa ni ruhusa ya kulia. Na kama kuna karatasi ya upasuaji ya kutiwa sahihi, saa zinazopita zikimngoja mjomba ni saa za mtoto. Shauri letu ni kwamba mama aambiwe, ila asiambiwe peke yake. Atafutwe mwanamke mtu mzima wa lugha yake akae ubavuni mwake, na baada yake wazee wapashwe habari kwa heshima yao. Tunajua wako watakaotupinga, nasi tu tayari kuwasikiliza baada ya hotuba.

Juu ya simu tutasema kidogo tu. Msiba siku hizi hufika katika makundi ya simu kabla ya kumfikia baba. Daktari akilazimika kumpigia baba, na amwulize kwanza yuko wapi, na nani yuko pamoja naye, na kama ameketi au anaendesha gari. Na jamaa walioko wodini wazuie vidole vyao kwa saa moja. Kwa familia ya Kiislamu, kijana na ajue pia kwamba maziko hayangoji. Akiitayarisha mapema karatasi inayohitajika kwa kibali cha mazishi, hilo ni taazia tosha.

Basi chama kifanye nini? Mwaka 1963 huko Los Angeles, daktari Howard Barrows alianza jambo lililoshangaza watu wakati ule: alimfundisha mtu mwenye afya aigize mgonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wajifunzie kwake. Njia hiyo imeenea duniani, nayo hutumika hata katika kufundisha kusema habari mbaya, kwa sababu kijana akikosea mbele ya mwigizaji hakuna mama aliyeumizwa, naye huweza kurudia mara tatu. Waigizaji hao huwa ni watu wa kawaida waliofunzwa kidogo. Hapa Isiolo waigizaji hawawezi kutoka mahali pengine ila hapa, maana hakuna chuo cha Nairobi kitakachomwonyesha kijana jinsi bibi wa Kiborana anavyonyamaza, au jinsi mzee wa Kiturkana anavyouliza swali moja na kuondoka, na maana yake ni nini.

Kwa hiyo Halmashauri yapendekeza tuiandikie hospitali yetu, na wakubwa wa afya wa kaunti, tukijitolea kwa mambo mawili. La kwanza, wanachama wanaume kwa wanawake wakae na madaktari vijana na matabibu, alasiri moja kila mara kundi jipya linapofika, wakiigiza wazazi kwa lugha zao, kisha wawaambie waziwazi kilichowauma na kilichowafaa. Twaomba hasa wazee wasiwahurumie. La pili, pawe na orodha ya watu wazima watakaokubali kuitwa hata usiku kuwa wakalimani, nao wafundishwe mambo machache: kusema yote yaliyosemwa bila kupunguza wala kuongeza, kuketi karibu na mzazi badala ya kusimama nyuma ya daktari, na kufunga midomo yao wakifika nyumbani. Hili la mwisho ndilo zito. Mji wetu ni mdogo, na habari ya mtoto wa mtu isiwe ya barazani. Asiyeweza kuishika siri asiandike jina lake, nasi hatutamdharau kwa hilo.

Gharama yake ni ndogo: chai, nauli ya bodaboda ya usiku, na viti vinne. Viti twavitaja kwa makusudi, kwa sababu katika vyumba vingi tulivyovitazama kipo kiti kimoja tu, na aketiye juu yake ni daktari. Mweka Hazina ametuambia kwamba fedha za viti zaweza kupatikana katika fungu la msaada wa misiba bila kuongeza ada ya mwanachama.

Daftari la majina liko kwa Karani, karibu na mlango. Wa Kiborana na Kisomali wamejiandikisha wa kutosha kuanza. Wa Kiturkana ni wanne, wote wanaume, na wanawake wanahitajika. Wa Kisamburu bado ni mmoja.